Mlinzi Asiye na Jina

Katika ofisi ya mitambo ya kituo kikuu cha mabasi kulikuwa na sheria moja ambayo hata wakubwa hawakuiruka: hakuna mtu anayegusa programu ya matangazo peke yake. Ukibadilisha mstari, hata ukifuta nukta, unampelekea mwenzako asome kwanza. Akikubaliana nawe anabofya kitufe kilichoandikwa NIMERIDHIKA, na hapo ndipo badiliko lako linaingia kazini. Waliiita sheria hiyo jicho la pili.

Asubuhi hiyo jicho la pili lilikuwa la Bi Taratibu, na badiliko lilikuwa la shemeji yake.

Jina la Bi Taratibu alipewa na wenzake kwa sababu hafanyi jambo bila kuligeuza na kulitazama upande wa pili. Hata chai aliikoroga kama anayesikiliza kijiko. Shemeji yake, mume wa mdogo wake, naye walimwita Nishamaliza. Ukimpa kazi, kabla hujafika mlangoni utamsikia nyuma yako: "Nishamaliza!" Mara nyingine ilikuwa kweli.

Sasa Nishamaliza ndiye Mkuu wa Mitambo, mwenye chumba cha vioo na kiti kinachozunguka. Bi Taratibu alikuwa na meza ya pembeni, jirani na printa ambayo kila ikifanya kazi ilimpulizia joto kwenye kiwiko.

Badiliko lilikuja na maneno mafupi: "Nimefanya usafi. Hilo jina halitumiki popote. Bofya tu shemeji, nina haraka."

Bi Taratibu alisoma mistari ambayo shemeji yake aliifuta. Alipofika kwenye ule wa mwisho, mkono wake ulisimama juu ya kipanya. Akausoma tena. Kisha akaegemea kiti, akatazama dari, na kwa mara ya kwanza tangu ahamishiwe kwenye meza ile, akatabasamu.

Ili kuelewa tabasamu lile ni lazima kuelewa matangazo yenyewe. Spika za kituo ni nyingi, lakini zote zinasema kwa mdomo mmoja. Wanaotaka mdomo huo ni wengi: dirisha la tiketi, watu wa getini, chumba cha vitu vilivyopotea. Kila mmoja ana kompyuta yake, na kila mmoja anadhani tangazo lake ndilo la maana. Zamani mtu akitaka kutangaza aliishika spika, akatangaza, kisha akaiachia kwa mkono. Tatizo, watu husahau kuachia. Siku moja kompyuta ya getini iliganda katikati ya tangazo huku imeishikilia spika, na kituo kizima kikawa bubu mpaka jioni. Mabasi yaliondoka nusu tupu, na abiria wakabaki kwenye mabenchi wakila karanga na kusubiri kuitwa.

Bi Taratibu ndiye aliyelimaliza tatizo hilo. Aliandika kitu kidogo ndani ya programu, akakiita mlinzi. Kila tangazo linapoanza, mlinzi wake anazaliwa, na kule kuzaliwa tu ndiko kuishika spika. Tangazo likiisha, mlinzi anakufa, na kule kufa ndiko kuiachia. Liishe vizuri au liishe vibaya, umeme uruke, mtu akosee, yote sawa: mlinzi lazima afe, na akifa spika iko huru. Hakuna haja ya mtu kukumbuka chochote.

Wakati huo Nishamaliza alikuwa bado ndiyo kwanza anajifunza kazi, tena anajifunzia kwenye meza ya chakula ya Bi Taratibu. Bi Taratibu alimweleza hivi: "Fikiria choo cha nyumba ya kupanga. Ukiingia, komeo linajifunga lenyewe. Ukitoka, linajifungua lenyewe. Hata ukizirai humo ndani wakakutoa umebebwa, komeo linafunguka, wenzako hawateseki."

Nishamaliza alicheka mpaka akapaliwa. "Shemeji, wewe ungeandika vitabu!"

Lakini lilikuwapo jambo moja kuhusu walinzi ambalo hakuwahi kumfundisha. Katika lugha ile ya kompyuta, kitu kilichopewa jina huishi mpaka kazi iliyokizaa iishe. Kisichopewa jina hufa papo hapo, mwisho wa mstari uleule kilipozaliwa. Hata kama jina hilo hulitaji tena popote, ndilo linalokishikilia duniani. Ukilifuta, mlinzi anazaliwa, anaishika spika, anakufa, anaiachia, yote hayo kabla neno la kwanza halijatoka. Ni sawa na komeo linalojifunga na kujifungua wewe ukiwa hata suruali hujaishusha. Bi Taratibu alikusudia kumweleza hayo. Siku aliyoipanga ilipofika, mwanafunzi alikuwa keshakuwa bosi wake.

Ilivyokuwa ni hivi. Siku ya kuzindua matangazo mapya, wakubwa walijaa kwenye viti vya plastiki, na waya wa kipaza sauti cha jukwaani ukawa unachomoka kwenye soketi. Bi Taratibu aliombwa aushike kwa mkono nyuma ya nguzo. Akachuchumaa, akaushika. Na kwa kipaza sauti kilichopata uhai kutoka kwenye vidole vyake, alimsikia Nishamaliza akisema, "Kazi hii nimeifanya kwa jasho langu. Namshukuru sana shemeji yangu, alinisaidia kuchapa."

Kuchapa! Watu wakapiga makofi. Mama Kituo, mkuu wa kituo chote, akasimama kumpa mkono. Bi Taratibu alibaki pale nyuma ya nguzo, magoti yakimuuma, waya mkononi.

Aliinuka, akarudi kazini. Alimeza. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu, hata chuki yake aliipanga vizuri, akaiweka mahali pakavu, akaisubirisha mpaka siku yake.

Sasa siku hiyo ilikuwa imekaa mbele yake kwenye skrini. Jina la mlinzi limefutwa. Programu itakubali, haitalalamika. Majaribio yatapita, kwa sababu majaribio hutangaza jambo moja kwa wakati mmoja. Kosa litajificha mpaka watu wawili waitake spika kwa pamoja, na wiki hiyo shule zilikuwa zinafungwa.

"Shemeji, vipi?" Nishamaliza alichungulia kutoka chumba cha vioo. "Bado unasoma? Ni usafi tu huo, si mtihani."

"Nasoma."

"Haya bwana, Bi Taratibu. Tukikusubiri wewe, mabasi yataota mizizi."

Wenzao wawili wakacheka. Bi Taratibu naye akacheka, kwa adabu, akaweka mshale juu ya NIMERIDHIKA. Alijua kwamba sheria ya jicho la pili inakata kote kote: aliyebadilisha na aliyeridhia, kosa ni lao wote. Aliligeuza hilo pia, akalitazama upande wa pili. Wataanguka wote wawili. Ila yeye ataanguka kutoka kwenye kiti cha pembeni ya printa, mwenzake ataanguka kutoka juu.

Akabofya.

"Nishamaliza," alisema kwa sauti ya chini, na hakuna aliyemsikia.

Siku mbili zilipita bila kitu. Siku ya tatu wanafunzi walimwagika kituoni na masanduku ya bati na magodoro yaliyokunjwa. Bi Taratibu alikuwa koridoni na kikombe chake cha chai spika zilipopata wazimu.

"Abiria wa basi la," ilisema sauti ya kike, tamu, isiyo na haraka, "mtoto wa kiume, mwenye shati jekundu, linaondoka, amepotea, lango la tatu, mama yake, asiwe na mzigo unaozidi kilo ishirini."

Kituo kizima kilicheka kwa mpigo mmoja. Kabla kicheko hakijaisha, spika zikaendelea: "Limeokotwa begi jeusi, dereva, ndani yake kuna, anaombwa arudi kwenye usukani, miwani na, abiria wote."

Makondakta walishikana mabega. Mmoja alipanda juu ya ngazi ya basi lake akaanza kuigiza: "Abiria waliookotwa ndani ya begi jeusi, njooni lango la tatu!" Mwingine akamjibu, "Kilo ishirini tu, mama yako asizidi!"

Bi Taratibu alikunywa chai yake. Haikuwa na sukari siku hiyo, lakini alimaliza kikombe chote na kulamba mdomo. Kupitia dirisha alimwona Nishamaliza akikimbia huku na huku, tai begani, akipiga spika moja makofi kama anayemfufua mtu. Moyo wa Bi Taratibu ulifunguka kama dirisha. Kimbia, alisema moyoni. Kimbia, jasho lako ndilo hilo.

Kitu kimoja tu hakukigeuza upande wa pili, naye alikuwa amekifahamu siku zote. Sauti ile ilikuwa ya mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa msusi, saluni yake ikitazamana na kituo, na nyumbani walimwita Kasuku kwa sababu tangu utoto aliweza kumwiga mtu yeyote. Programu ilipohitaji sauti, dada mtu alimwingiza ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti, kelele za nje zisisikike, na Kasuku akasoma neno moja moja huku jasho likimtiririka na kicheko kikimbana. Basi la. Linaondoka. Lango. Amepotea. Programu iliyaunga maneno hayo yakawa matangazo. Tangu siku hiyo wateja walikuwa wakimwambia, "Wewe si ndiye yule wa kwenye mabasi? Hebu sema lango la tano!" Naye alisema, kitana mkononi, na saluni nzima ikapiga makofi. Hakuwahi kujulikana kwa jambo lolote kabla ya hilo.

Jioni ya siku ile ya wazimu Kasuku alikuja nyumbani kwa dada yake. Hakubisha hodi kwa mbwembwe zake. Aliingia, akakaa, kilemba bado kichwani.

"Dada, hivi mimi nameza maneno?"

"Nani kakwambia?"

"Mume wangu. Anasema tatizo si mitambo, ni sauti. Sikurekodi vizuri, maneno yangu yanaingiliana. Kesho kutwa Mama Kituo ameita mkutano, watatafuta sauti nyingine." Alijaribu kucheka. "Makondakta leo wamenisindikiza mpaka mlangoni. Eti mama wa kilo ishirini. Mteja mmoja kaondoka nywele nusu, hakuweza kukaa kwa kicheko."

Bi Taratibu alihisi damu ikimpanda masikioni. Nishamaliza alikuwa amekwepa, na kofi likatua kwa mkewe.

Na pale, mezani, angeweza kulimaliza. Kulirudisha jina la mlinzi ilikuwa kazi ya neno moja. Kumwambia mdogo wake, "Si wewe, ni yeye, na mimi niliona," ilikuwa kazi ya pumzi moja. Alifungua mdomo. Kisha akauona ule mkutano: Mama Kituo mbele, wakuu wote mezani, na Nishamaliza amesimama akimsingizia mkewe. Hadhira kama ile haitapatikana tena. Alitaka kumwangusha mbele ya watu walewale waliompigia makofi.

"Subiri mkutano," alisema. "Wewe njoo. Usikose."

"Lakini ni mimi au si mimi, dada?"

"Njoo tu, mdogo wangu. Utaona."

Kasuku alichukua mkoba wake, akaondoka. Kwa siku mbili zaidi spika zilibwabwaja kwa sauti yake, na kwa siku mbili alipita njia ya nyuma, kwenye mapipa ya taka, kuingia saluni kwake.

Mkutano ulifanyika ofisini kwa Mama Kituo, mwanamke mnene mwenye kucheka kwa tumbo lote, ambaye siku hiyo hakucheka. Nishamaliza alisimama na suti.

"Mama, mitambo ni mizima, nimeikagua mwenyewe. Tatizo ni sauti. Mke wangu nampenda, yuko hapa anisikie, lakini kurekodi ni kipaji. Anameza maneno."

Kasuku alitazama mikono yake.

"Naomba nionyeshe kitu," alisema Bi Taratibu. Alizungumza kwa upole wake uleule, akageuza kompyuta iwatazame wote. Akatuma matangazo mawili kwa pamoja, yakatoka yamechanganyika. Akalirudisha jina la mlinzi kwa majaribio, kwenye kompyuta ile tu, neno moja, akatuma tena matangazo yaleyale. La kwanza likasemwa lote, safi. La pili likasubiri zamu yake, nalo likasemwa lote.

"Sauti ni ileile," alisema. "Haijameza kitu. Ila mtu alifuta jina hili, mlinzi akawa anakufa kabla hajalinda. Aliyefuta ameandikwa hapa."

Alisogeza skrini taratibu, kama anayefunua chungu. Jina la Nishamaliza lilikaa pale, na chini yake maneno yake mwenyewe: "Nimefanya usafi."

Bi Taratibu alimtazama shemeji yake usoni, akaona alichokuwa akikingoja. Jasho lilitokeza juu ya mdomo. Macho yalimtafuta Mama Kituo, yakakwepa, yakashuka mpaka kwenye viatu. Bi Taratibu aliyanywa yote, taratibu, bila kuacha tone.

"Ulimwita mkeo asiye na kipaji," Mama Kituo alisema, "kwa kosa lako?"

"Mama, mimi sikujua..."

"Hukujua, lakini kusingizia ulijua." Kisha akainamia skrini, akavaa miwani. "Na nani aliyeridhia?"

"Mimi," alisema Bi Taratibu. Jibu lilikuwa tayari, amelala nalo siku nyingi.

"Hukuona?"

"Niliona."

Nishamaliza aliinua kichwa. "Uliona? Shemeji, uliona ukaniacha?"

"Wewe uliniacha nyuma ya nguzo nimeshika waya, ukawaambia nilichapa." Sauti yake kwa mara ya kwanza ilipanda. "Sasa waambie nani aliandika."

Nishamaliza alikaa. "Aliandika yeye," alisema, kwa sauti ambayo ilibidi wainame kuisikia. "Yote."

Hapo ndipo Bi Taratibu alipotakiwa kuwa na furaha kamili, na kweli ilianza kumjia, mpaka Kasuku aliposema.

"Dada. Nilipokuja nyumbani kukuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Nilitaka..."

"Ningelala usingizi siku ile. Neno moja tu ungeniambia." Kasuku hakulia. Alikuwa akitazama mmoja, kisha mwingine, kama anayelinganisha nywele mbili. "Huyu aliutumia mdomo wangu kujificha, na wewe ukautumia kumpiga. Hakuna hata mmoja aliyeniomba."

"Mdogo wangu, nilitaka wakusafishe mbele ya wote."

"Ulitaka wamchafue mbele ya wote. Mimi nilikuwa kitambaa."

Akamgeukia Mama Kituo. "Mama, hiyo sauti nilisaini mahali kwamba ni yenu?"

Mama Kituo alivua miwani. "Hukusaini, mwanangu. Ulitusaidia tu."

"Basi naichukua. Ifutwe yote, leo, na afute dada kwa mkono wake. Huyu mwingine ana mdomo, atangaze mwenyewe mabasi yake."

"Mke wangu..." alianza Nishamaliza.

"Lango la tatu," alisema Kasuku, kwa ile sauti tamu, isiyo na haraka, ambayo mji mzima uliijua. Akaelekeza kidole mlangoni. "Linaondoka."

Mama Kituo alifungua kabati, akatoa kile kipaza sauti cha mkono cha zamani, kile cha umbo la faneli, akapuliza vumbi, akakiweka mbele ya Nishamaliza. Kuhusu cheo chake alisema watazungumza baadaye, na kwa jinsi alivyosema hakuna aliyehitaji kusubiri hiyo baadaye. Kwa Bi Taratibu alisema, "Wewe huwezi kuwa jicho la mtu tena." Basi.

Mchana huo Bi Taratibu alilirudisha jina la mlinzi kwenye programu. Jicho la pili lilikuwa Nishamaliza, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali kukaa karibu nao. Alibofya NIMERIDHIKA bila kusoma, akachukua faneli yake, akatoka.

Kisha Bi Taratibu akaanza kufuta. Basi la. Linaondoka. Lango. Alikusudia asisikilize, lakini neno la mwisho alilifungua. Katika rekodi ile, kabla ya neno lenyewe, kulikuwa na kicheko kilichobanwa na sauti yake mwenyewe nje ya kabati ikisema, "Acha mchezo, sema vizuri." Akalifuta.

Nje, Nishamaliza alikuwa juu ya kreti la soda, shingo imemvimba, akiita mabasi kwa koo lililokwaruza. "Mzee, meza mate kwanza!" makondakta walimpigia kelele. "Tangaza na kilo!" Bi Taratibu alisogea dirishani, akasikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa tamu. Hakujidanganya juu ya hilo, ilikuwa tamu sana. Ng'ambo ya barabara, mlango wa saluni ulikuwa umefungwa kwa pazia, na simu aliyopiga saa ya chakula ilikuwa imekatwa kabla haijaita mara ya pili.

Akarudi kwenye meza ya pembeni. Kwenye skrini, dirisha la tiketi lilikuwa limetuma tangazo, kwa mazoea. Mlinzi akazaliwa, akaishika spika. Getini nao wakatuma lao, likasubiri zamu. Mlinzi wa kwanza aliishikilia spika muda wote uliotakiwa, hakuna sauti iliyotoka, akafa, akaiachia. Wa pili akaishika. Mambo yalikwenda kwa mpangilio, bila kuingiliana, bila kosa hata moja.